Namba ya Msumari, Namba ya Nyundo

Grâce na Patient, warithi wangu kazini, mliniomba niwaandikie miaka yangu ya kazini kabla sijaisahau. Habari za mishahara naziacha, maana zingetosha ndani ya bahasha ile ile ndogo iliyokuwa ikiileta. Vyeo navyo naviruka. Nilianza nikiwa mtunza noti na nimestaafu nikiwa mtunza noti. Tofauti ni kwamba katikati walininunulia kiti chenye mgongo. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na hasa juu ya kosa langu kubwa, kwa sababu juzi nimemwona mmoja wenu ameshika kalamu nyekundu juu ya daftari la zamani, na moyo ukanipasuka.

Siku yangu ya kwanza niliingia makumbusho yetu ya vyumba vitatu nikiwa na viatu vya kuazima na diploma ya masista. Nilikuwa najua kupiga mashine kwa vidole vyote kumi. Aliyenipokea alikuwa Papa Ilunga, mzee mwembamba aliyekuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye dirisha la ghala la zana kiwandani. Alipostaafu, wakubwa wa makumbusho walimwomba atunze noti za enzi ya ukoloni, kwa sababu moja tu: hapa Likasi hakuna mtu mwingine aliyekuwa na sifa ya kutopoteza kitu. Noti hakuzijua. Alizijua nyundo, bisibisi na spana, na akaona noti ni zana nyembamba tu.

"Nawa mikono, mwana yangu," aliniambia kabla sijaketi. "Na sabuni. Ukaushe muzuri. Kisha unionyeshe."

Nilinawa, nikakausha, nikamwonyesha. Akanirudisha nikakaushe tena. Nilimuuliza kama hatuna glavu nyeupe, kama nilivyoona kwenye picha za makumbusho ya nje.

"Gants?" akacheka. "Na gants utasikia je kama karatasi inaanza kupasuka?"

Hilo nalisema mpaka leo. Glavu huvaliwa kwa ajili ya picha. Mikono safi na mikavu inaihisi karatasi, na karatasi ya noti ya zamani ina sauti yake unapoinyanyua. Ikiwa imenyamaza, ujue imeingia unyevu. Kutoka kwake nilijifunza pia kuiinua noti kwenye mwanga wa dirisha kutafuta ile picha iliyofichwa ndani ya karatasi, kuandika kwa penseli tu, na kutupa plastiki yoyote inayonuka, kwa sababu plastiki inayonuka inakula wino. Haya nayaandika kwa faida ya Patient, anayependa plastiki za sokoni kwa kuwa zinang'aa.

Nilikaa naye wiki moja tu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu na watoto wake walitaka apumzike, alime mboga zake kule Panda. Siku ya kukabidhi aliniwekea mezani daftari kubwa, albamu tatu zenye vifuko, na kopo la biskuti lililojaa jetoni, vile vipande vya shaba vya mviringo vyenye namba ambavyo wafanyakazi wa kiwandani waliacha ghalani walipochukua zana.

"Yote iko ku nafasi yake," alisema. "Ukifuata numéro, hautapotea."

Nikaitika ndiyo Papa, ndiyo Papa. Kuuliza sikuuliza. Mtu mwenye diploma atamuuliza nini mzee wa spana?

Basi nikabaki peke yangu na namba. Msidhani ni namba za aina moja. Kila noti ilikuwa na namba ya Papa Ilunga kwenye daftari. Kisha ilikuwa na namba ya kitabu kinene kutoka ng'ambo, ambacho wakusanyaji wa dunia nzima wanakitumia, na namba ya kitabu chembamba cha Ubelgiji. Vitabu hivi viwili nilivibatiza Kinene na Chembamba, na kwa miaka yote niliyovijua havikuwahi kuelewana. Kinene kilipanga noti kwa picha: noti zote za chui mahali pamoja, zote za tembo mahali pamoja, halafu kikaongeza herufi kwa kila toleo. Chembamba kilipanga kwa sahihi za wakubwa wa benki, kwa hiyo chui mmoja alikuwa ukurasa wa kumi na mwingine ukurasa wa arobaini, kisa bwana fulani alistaafu na mwenzake akashika kalamu. Mahali ambapo Kinene kiliona noti mbili, Chembamba kiliona tano. Noti moja ile ile upande huu iliitwa nadra, upande ule iliitwa ya kawaida.

Watu walituandikia barua kutoka Lubumbashi, na hata kutoka mbali zaidi, wakitaja namba bila kusema ni ya kitabu gani. Nikawa naitafuta noti ya tembo, kumbe mwenzangu anauliza ya chui. Dawa niliipata taratibu. Kila noti ina namba yake iliyochapwa usoni tangu ilipozaliwa, na hakuna ndugu yake aliye na namba ile ile. Nikatengeneza kadi moja kwa kila noti, juu nikaandika namba hiyo ya kuzaliwa, chini yake nikapanga za Kinene na za Chembamba, kila moja na jina la kitabu chake. Ilikuwa kazi ya miezi, kwa kioo cha kukuzia chenye ufa, na umeme ukija unapotaka. Niliifurahia kuliko ninavyoweza kusema. Kadi hizo ndizo mnazotumia leo kwenye kompyuta, na mnaziita mfumo.

Lakini furaha hiyo ilinipanda kichwani. Nilipofika kwenye namba za Papa Ilunga, nikakuta zinarudiwa. Namba 112 iko mara mbili. Namba 40 iko mara tatu! Nikajiambia: maskini mzee, macho. Nikachukua rula na kalamu nyekundu. Kwa kila namba iliyorudiwa nilitazama noti iliyomo kwenye kifuko, nikauacha mstari unaolingana nayo, na mistari mingine nikaipiga mstari mwekundu ulionyooka. Kwenye kadi zangu sikuiingiza kabisa. Mkurugenzi wetu, Bwana Célestin, alilifungua daftari akasema sasa linapendeza.

Zikabaki zile jetoni. Hapa kwetu karibu kila nyumba ina jetoni ya baba au ya mjomba kwenye droo, pamoja na vifungo na betri zilizokufa. Nikadhani mzee alizileta kwa ukumbusho wa kazi yake. Nikaona vibaya zikae kwenye kopo. Nikapata ubao mzuri, nikazibandika zote kwa gundi ya seremala, namba zikitazama mbele, nikapaka vanishi, nikaandika kibao: Jetoni za wafanyakazi. Wanafunzi walizipenda kuliko noti. Nami nilipita mbele ya ubao ule kila asubuhi nikijipongeza.

Miaka ikaenda. Mvua zilikuja na kuondoka, paa lilivuja na kuzibwa, nilipata kiti. Ndipo akaja Mama Zaina.

Mama Zaina anauza vitenge sokoni, familia yao ilitoka Maniema zamani, na kwa sauti yake huhitaji kumtazama ili ujue amefika. Siku ile alikuja polepole. Akafungua kitambaa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, kwa mwandiko wa Papa Ilunga: noti ya faranga hamsini, chui, namba 112, amana ya familia. Kaka yake, dereva, alikuwa ameikuta noti hiyo kwenye vitu vya mjomba wao aliyefariki, akaileta kwetu ili isiliwe na mchwa. Naye akafa barabarani hata kabla hajamweleza mama yao vizuri kilichoandikwa humo.

Nilijaa raha. Risiti ina namba, mimi nina mfumo! Nikanawa mikono, nikakausha, nikafungua kifuko namba 112 mbele yake. Ndani mlikuwa na tembo. Faranga mia, safi, haina alama hata moja.

"Hapana, mama," alisema. "Ii haiko yetu. Yetu iko na chui. Na nkambo, baba ya mama yangu, aliandika mu mugongo yake, na maandiko ya kiarabu."

"Labda kaka alikosea namba?"

"Kaka haakuandika kitu. Ni benye museum njo baliandika."

Alisema kweli. Nikatoa noti zote za chui nilizokuwa nazo kwenye kadi. Zote zilikuwa safi, hakuna iliyoandikwa hata nukta. Mama Zaina akazitazama moja moja, kisha akaketi kwenye kiti changu chenye mgongo.

"Mama yangu iko mugonjwa," akasema. "Ku carte yake banaandika 'née vers', eti alizaliwa karibu na mwaka fulani. Maisha yake yote ni vers, vers. Batoto bakifanyiwa anniversaire, yeye anaikala pembeni, anasema minye sina siku. Kaka alituambia baba yake aliandika siku yake ku ile noti. Sasa anasema: mbele nikufe, munisomee siku yangu. Njo nilikuya."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Bwana Célestin alitoka ofisini kwake kusikia kuna nini. Alisoma risiti, akamtazama tembo, akanitazama mimi. "Mama Odile," akasema taratibu, "ile noti ilitoka je hapa?" Hakunituhumu. Lakini funguo za kabati lile nilikuwa nazo mimi peke yangu, na hilo tulilijua wote watatu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mtu unaweza kufanya kazi kwa mikono safi miaka yote, na siku moja ukaonekana mwizi kwa sababu ya tembo.

Nikaomba siku chache. Mama Zaina alipoondoka nikalifungua lile daftari lililopendeza. Namba 112: mstari wa chini, tembo, ule niliouacha. Mstari wa juu, chini ya wino wangu mwekundu ulionyooka kwa rula, nikasoma: faranga hamsini, chui, maandishi mgongoni, amana. Tarehe ilikuwa ile ile ya risiti. Noti ya watu ilikuwa imeingia kwenye nyumba hii, ikaandikwa vizuri, na aliyeifuta nilikuwa mimi.

Kesho yake nikapanda pikipiki mpaka Panda. Papa Ilunga alikuwa kwenye bustani yake ya lengalenga, anapalilia kwa kupapasa, redio imening'inia shingoni. Alinijua kwa sauti.

"Papa," nikamwambia baada ya salamu, "mu buku yako 112 iko mara mbiri."

"Eh. Na 40 iko mara tatu."

"Basi ulikuwa unayua?"

"Minye njo niliandika!" Akaketi juu ya ndoo. "Sikia, mwana yangu. Ku magasin, numéro iko ya musumari. Haiko ya nyundo. Nyundo ikitoka, ingine ikikuya kutundikwa pale, inakamata numéro ya ule musumari. Juu ya nini unahangaika?"

Kifuko kilikuwa msumari. Noti ilikuwa nyundo. Hakukosea hata mara moja. Alikuwa akiandika kila kilichowahi kutundikwa pale, kimoja baada ya kingine, kama walivyofanya ghalani. Na hakunieleza kwa sababu kwa watu wake hilo halikuhitaji kuelezwa, ni kama kumweleza mtu mlango unafunguliwa upande gani.

"Na nyundo ya kwanza, Papa? Utayua je kwenye inaenda?"

"Ku jeton! Mu mugongo ya jeton ya ile numéro unakwaruza nafasi mupya. Njo maana nilikuachia boîte muzima. Jetons iko wapi?"

"Niliibandika, Papa. Ku mbao."

"Na nini?"

"Na colle. Ya seremala."

"Mugongo iko wapi?"

"Iko ndani, Papa. Kisha nikapaka vernis."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka ndoo ikayumba, akafuta macho yake mabovu kwa mkono wenye udongo. "Diplôme!" alisema. "Ah, mwana yangu. Diplôme!" Nilicheka naye, lakini machozi yangu hayakuwa ya kucheka yote. Akanipa fungu la lengalenga la kwenda nalo nyumbani, kama vile sikumwambia kitu kibaya.

Nilirudi, nikamwita Mama Zaina, nikamwambia mbele ya Bwana Célestin: aliyefuta ni mimi, aliyebandika ni mimi. Nilitegemea kelele za sokoni. Akavuta kiti changu, akaketi.

"Bon," alisema. "Weye njo ulifunga, weye njo utafungua. Minye niko naikala hapa."

Nilitumia kisu cha mezani, maji ya moto na siki. Vanishi yangu ilikuwa ya hali ya juu, nasikitika kusema. Jetoni ya kwanza iliruka mpaka chini ya kabati. Ya pili ilitoka na kipande cha ubao. Namba 112 ilikuwa katikati kabisa, mahali nilipoiweka kwa kuwa ilikuwa inang'aa. Ilipobanduka niliikwangua gundi nyuma kwa ukucha, na mikwaruzo ya msumari ikatokea: 3/31.

Albamu ya tatu, kifuko cha thelathini na moja. Albamu hiyo, Grâce, ndiyo ile iliyokuwa imeegemeza feni. Papa Ilunga alikuwa ameweka humo noti zilizochanika na zilizoandikwa. Nami nilikuwa nimeichungulia mara moja nikaiacha, kwa sababu Kinene kinasema noti iliyoandikwa haina thamani, na Chembamba kinasema hivyo hivyo. Ni jambo pekee ambalo vitabu vile viwili vilikubaliana, na vyote viwili vilikosea.

Chui alikuwepo. Amechakaa, amekunjwa katikati, na mgongoni mwake kulikuwa na mistari mitatu ya herufi za kiarabu, wino wa kahawia. Mama Zaina alisoma chuo cha Kurani utotoni. Aliiinamia noti bila kuigusa, mikono nyuma, kama nilivyomwonyesha. Midomo ikaanza kutembea, kisha akaacha, akajifunika uso kwa mtandio.

Bwana Célestin, naye ni mtu mwema lakini ni mkurugenzi, alikuwa tayari ameitafuta namba ya kuzaliwa ya noti ile kwenye Kinene. Ilikuwa toleo la nadra, ambalo hatukuwa nalo hata moja. Akakohoa. Akauliza kama familia isingependa kuiacha makumbusho, kwa faida ya taifa.

"Patron," nikasema, "soma chini. Noti ya kuandikwa haina thamani. Kitabu chako njo kinasema. Na risiti inasema amana."

Akasoma chini. Akafunga kitabu. Siku ile ile tukaipeleka, mimi na Mama Zaina, katikati ya vipande viwili vya kadibodi, mpaka Kikula, kwa mama yake.

Bibi Mwamini alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, mdogo chini ya blanketi, macho yamefumba. Binti yake alipiga magoti karibu na sikio lake, akasoma.

"Leo Ijumaa, mvua ya kwanza, Mungu amenipa binti, nimemwita Mwamini. Noti hii isitumiwe."

Chini yake kulikuwa na mwezi na mwaka. Hivyo navyo akasoma, nami nawaachia wenyewe. Bibi akanyoosha mkono. Sikumwambia anawe. Nikaiweka noti kwenye kiganja chake, akaipapasa kwa kidole gumba, mbele na nyuma, muda mrefu.

"Ijumaa," akasema. Kisha: "Soma tena mwaka."

Mama Zaina akasoma tena. Kikongwe akafumbua macho, na nawaambia, aliinuka akaketi bila kushikwa.

"Basi minye niko mukubwa kupita Salima!" Salima ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, anayeujua mwaka wake wa kuzaliwa, na tangu ujana wao walikuwa wakibishana nani kati yao ni mdogo wa kumwamkia mwenzake kwanza. "Mumuite. Sasa hivi. Akuye kuniamkia. Miaka makumi na makumi minye njo namuamkia, nikidanganywa na vers!"

Salima akaitwa, akaja na ukali wake, akasomewa, akadai isomwe tena, na mwishoni, mkono kiunoni, akaamkia. Bibi Mwamini aliitikia taratibu sana, akiimung'unya ile salamu mpaka mwisho. Nilicheka na kulia kwa pamoja kwenye kizingiti cha watu, kiatu kimoja mkononi. Bibi aliishi kutosha kuamkiwa misimu miwili ya mvua.

Siku zilizofuata nilirudisha mistari yote niliyoifuta, moja moja, kwa penseli, pembeni ya wino mwekundu ambao hautoki. Kila namba ya Papa Ilunga ina mahali pake kwenye kadi sasa, pamoja na tarehe. Ile ya Kinene ipo, na ya Chembamba ipo. Hakuna namba ya uongo kati ya hizo. Kila moja inajibu swali lake, na kazi yetu ni kujua ni swali gani. Papa Ilunga nilimsomea orodha yote akiwa ameketi juu ya ndoo yake, akasahihisha mbili.

Na sasa swali lako, Grâce, uliloniuliza siku nilipokukabidhi funguo: kwa nini kifuko cha thelathini na moja kina jetoni peke yake, na je, tuweke humo noti nyingine? Itoe jetoni hiyo, uigeuze. Chini ya 3/31 ya Papa Ilunga utaona mikwaruzo mipya, mibaya kidogo kwa sababu mkono wangu haukuzoea msumari. Nimeandika neno moja: Kwabo, maana chui amerudi kwao. Halafu irudishe, na usitundike kitu kingine hapo.